Unanunua Boti Iliyotumika? Uliza Kwanza Dhamana ya Injini ni ya Nani

"Boti ya faiba, futi 23, injini farasi 40, imetumika miezi 14 pekee. Waranti bado iko. Sh480,000, bei ni maelewano."

Tangazo kama hili likipita kwenye grupu ya WhatsApp ya wavuvi au ya watu wa boti za watalii, simu ya muuzaji haipoi. Na ukilisoma vizuri utaona kwamba maneno matatu pale katikati ndiyo yanayobeba bei. Boti ya aina hiyo hiyo bila "waranti bado iko" ingeitishwa pesa kidogo. Kwa hivyo unapokubali bei ya muuzaji, unanunua vitu viwili: boti yenyewe, na ahadi ya kampuni iliyotengeneza injini kwamba ikiharibika kwa kosa la kiwandani, itatengenezwa bila malipo.

Swali ambalo wanunuzi wengi hawaulizi ni hili: ahadi hiyo alipewa nani? Je, inaweza kuhamia kwako? Na ikiwa inaweza, ni nani anayeihamisha?

Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu malipo mengi ya boti zilizotumika, kuanzia Usenge na Mbita hadi Kilifi, Shimoni na Lamu, siku hizi yanapitia kwenye simu. Pesa ikishatoka ni vigumu kuirudisha. Afadhali maswali yaulizwe ikiwa bado iko kwako.

Dhamana ni ya nini hasa?

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Dhamana tunayoizungumzia hapa si ile ya kortini ya kumtoa mtu rumande. Ni ile ambayo mafundi na wauza vifaa wanaiita waranti: karatasi, au siku hizi rekodi kwenye kompyuta ya kampuni, inayosema kifaa fulani chenye nambari fulani kimeuzwa tarehe fulani kwa mtu fulani, na kwamba kwa muda fulani kampuni itagharamia kasoro za kiwandani.

Ukiangalia boti nyingi za Ziwa Victoria, zile za mbao zilizopigwa misumari na fundi wa pale pale ufuoni, mwili wa boti hauna dhamana ya aina hiyo. Una jina la fundi na sifa yake, basi. Mashua za mbao za pwani ni vivyo hivyo. Kwa boti hizo, mtu akikwambia "iko na waranti" anazungumzia injini iliyofungwa nyuma, si kitu kingine.

Boti ya faiba ni tofauti kidogo. Mwili unaweza kuwa na dhamana kutoka kwa aliyeujenga, injini ina yake kutoka kwa mtengenezaji wa injini, na vifaa kama GPS au mashine ya kutafutia samaki vina zao, kila kimoja na kampuni yake, muda wake na masharti yake. Muuzaji anaposema "boti iko na waranti" mwulize moja kwa moja: ya kipi? Mara nyingi utakuta ni ya kimoja tu, na pengine ndicho cha bei ndogo kuliko vyote.

Makala hii itakaa zaidi kwenye injini, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi zimelala.

Haihami yenyewe

Watu wengi wanafikiri dhamana inafuata injini kama vile kivuli kinavyomfuata mtu. Unanunua injini, unapewa kitabu kidogo, basi dhamana ni yako. Ingekuwa hivyo maisha yangekuwa rahisi.

Ukweli ni kwamba mtengenezaji alimwandikisha mnunuzi wa kwanza. Kampuni nyingi kubwa zinakubali dhamana ihamie kwa mnunuzi wa pili, lakini kwa masharti. La kwanza: unapata muda uliobaki tu, si muda mpya. Siku zilianza kuhesabiwa tarehe ambayo injini iliuzwa ikiwa mpya. Ikiwa dhamana ilikuwa ya miaka mitatu na injini ina miezi 14, umebakiwa na miezi 22, hata kama muuzaji aliiweka stoo miezi sita bila kuigusa.

La pili: lazima uhamisho uandikishwe. Kwa kawaida msambazaji rasmi huhitaji jina na anwani ya mmiliki mpya, nakala ya mkataba wa mauzo, na nambari ya injini. Wengine huomba fundi wao aikague injini kwanza kabla ya kukubali. Bila hatua hiyo, siku utakapopeleka injini ikiwa imekufa, kompyuta itaonyesha jina la mtu mwingine na utaambiwa "pole, mzee."

La tatu ndilo linalowaumiza watu wetu zaidi, na tunataka ulisome mara mbili. Dhamana nyingi za injini za boti zinatofautisha matumizi ya starehe na matumizi ya biashara. Chukua kitabu cha dhamana cha Mercury kama mfano. Kinaruhusu dhamana ihamie kwa mnunuzi wa pili ambaye ataitumia injini kwa starehe, kwa muda uliobaki. Injini iliyotumika kibiashara haimo katika ruhusa hiyo. Na biashara yenyewe imeelezwa kwa upana sana: matumizi yoyote ya kazi au ya kuingiza pesa, katika sehemu yoyote ya muda wa dhamana, hata kama ni mara moja moja.

Sasa fikiria. Muuzaji alikuwa anavua kwa ajili ya kuuza. Au alikuwa anabeba watalii kwenda kuona pomboo kule Kisite. Au alikuwa anavusha abiria kwenda visiwani Ijumaa na Jumapili tu, siku nyingine injini imefunikwa turubai. Yote hayo ni biashara. Mtu anaweza kukuuzia injini ambayo machoni pake bado "iko waranti", kwa nia safi kabisa, na huku kwa vitabu vya kampuni muda umeisha zamani. Kwa matumizi ya biashara, kampuni nyingi hutoa muda mfupi zaidi, mara nyingi mwaka mmoja, na nyingine huweka pia kikomo cha saa za injini. Ile injini ya miezi 14 kwenye tangazo letu, kama iliandikishwa ya biashara kwa mwaka mmoja, dhamana yake iliisha miezi miwili iliyopita.

Na wewe mwenyewe unainunua ya nini? Ukiwa mvuvi, usijaze fomu kwamba ni ya starehe ili upate muda mrefu. Siku ya kudai, fundi wa kampuni ataona magamba ya samaki na alama za nyavu kwenye boti na mazungumzo yataishia hapo.

Kuna pia boti ambazo dhamana yake inakufa kutokana na njia zilivyopatikana. Kitabu hicho hicho cha Mercury kinafuta dhamana kwa injini iliyonyang'anywa mteja aliyeshindwa kulipa, iliyonunuliwa mnadani, iliyotoka kwenye yadi ya vyuma chakavu, au iliyouzwa na kampuni ya bima baada ya ajali. Hapa Kenya boti za mnada zipo, na bei zake zinavutia. Nunua ukipenda, lakini usilipe hata shilingi moja kwa ajili ya dhamana.

La mwisho ni mipaka. Ziwa Victoria lina nchi tatu na injini huvuka bila pasipoti. Injini iliyonunuliwa mpya Mwanza au Kampala, au ile iliyoletwa kwenye kontena kutoka Dubai, inaweza kuwa halisi kabisa na bado msambazaji wa Kenya asiwajibike nayo, kwa sababu si yeye aliyeiuza. Kuna kampuni zinazokubali dhamana ya nchi nyingine na kuna zinazokataa. Uliza kabla, kwa nambari ya injini husika.

Nambari ya injini ndiyo kitambulisho chake

Kabla ya kuzungumza bei, omba picha ya kibandiko chenye nambari ya injini. Kwenye injini nyingi za nje kinapatikana kwenye kile chuma kinachobana injini kwenye boti, kwa Yamaha kwa kawaida upande wa kushoto ukiwa umeelekea mbele. Omba picha ya karibu inayosomeka, kisha utakapoenda kuiona, linganisha herufi kwa herufi. Kibandiko kilichokwanguliwa, kilichobandikwa juu ya rangi mpya, au ambacho hakipo, ni sababu ya kuvaa viatu vyako na kurudi nyumbani. Wizi wa injini ziwani ni jambo linalojulikana na kila mvuvi, na injini ya wizi haiwezi kuwa na dhamana wala haiwezi kuwa mali yako, hata ukiwa na risiti ya pesa.

Boti za faiba zilizotoka ng'ambo nazo huwa na nambari ya mwili, herufi na tarakimu 12 au 14, zilizochongwa nyuma ya boti upande wa kulia. Iandike pia.

Ukishapata nambari, piga simu wewe mwenyewe kwa msambazaji rasmi wa chapa hiyo nchini. Usitumie namba uliyopewa na muuzaji. Tafuta namba kwenye tovuti ya kampuni au nenda dukani. Uliza mambo haya: injini hii iliuzwa lini ikiwa mpya, iliandikishwa kwa matumizi gani, dhamana inaisha tarehe ngapi, je inaweza kuhamia kwangu, na mnahitaji nini ili kuihamisha. Huenda wakakataa kukupa jina la mmiliki wa kwanza, na hiyo ni haki yao. Lakini unaweza kumwomba muuzaji muende pamoja au mpige simu pamoja. Muuzaji wa kweli hana tatizo na hilo.

Mazungumzo ya kawaida huwa hivi:

"Kaka, nimeona injini. Nitumie picha ya nambari yake nicheki waranti kwa kampuni."

"Omera, si nimekuambia iko? Kitabu niko nacho. Kuna mtu mwingine anataka kuja na cash jioni. Tuma arbuni kwanza nikushikie."

"Sawa mkubwa, huyo mwingine akija mpe. Mimi nitangoja picha."

Jibu hilo la mwisho halikugharimu kitu. Mara nyingi picha huja baada ya nusu saa, na "mtu mwingine" hasikiki tena.

Kitabu cha savisi kisome kama unavyosoma shahada ya nyumba

Dhamana inaweza kuwa hai kwa tarehe na bado ikawa imekufa kwa matunzo. Watengenezaji wanataka uthibitisho kwamba injini imefanyiwa savisi kwa ratiba. Kwa injini nyingi za stroki nne, savisi ya kwanza ni baada ya saa 20 hivi, halafu kila saa 100 au kila mwaka, lolote litakalotangulia. Tafuta mihuri na tarehe. Savisi zote zikiwa zimeandikwa kwa kalamu moja, kwa mwandiko mmoja, siku moja, utajua.

Injini za kisasa zenye mfumo wa kielektroniki wa mafuta huhifadhi saa za kazi na hitilafu zilizotokea. Fundi mwenye kebo na kompyuta anaweza kuzisoma kwa dakika chache. Lipa ada yake, haitakuwa kubwa ukilinganisha na bei ya boti. Injini za kawaida za stroki mbili, zile za kuchanganya mafuta na oili, hazina kumbukumbu hiyo, kwa hiyo hapo unategemea karatasi na jicho la fundi.

Na jicho la fundi liangalie nini? Kila mahali pana adui wake. Kisumu, Kendu Bay na Homa Bay adui ni magugu maji. Yakiziba matundu ya kuingizia maji, injini inakosa kupoa na inaungua. Washa injini na utazame yale maji yanayoruka pembeni. Yakitoka kwa unyonge, au mpira wa pampu ya maji haujawahi kubadilishwa, fikiria mara mbili. Injini iliyoungua kwa kukosa maji kwa kawaida haiko chini ya dhamana, kwa sababu hilo si kosa la kiwanda.

Pwani adui ni chumvi. Injini ya baharini inatakiwa kuoshwa ndani kwa maji baridi baada ya safari, na vile vipande vya zinki vinavyoliwa na chumvi badala ya injini vinatakiwa kubadilishwa. Zinki ikiwa imeisha kabisa, chumvi imeanza kula vitu vingine. Kutu inayotokana na kutooshwa, kampuni haitalipa.

Kuna na adui wa pande zote mbili, petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Anayeuza kwa dumu ufuoni hatakuambia. Fundi wa kampuni akifungua injini na kukuta dalili zake, au akikuta oili isiyo sahihi, au vipuri bandia, au injini iliwahi kuzama na kukaushwa juani, faili inafungwa. Mwulize muuzaji kwa upole kama injini imewahi kuzama. Ni swali watu wengi hujibu kwa ukweli, pengine kwa sababu hawakulitegemea.

Lipa kwa vipande

Tuje kwenye pesa, ambayo ndiyo kazi yetu.

Kosa kubwa ni kutuma kila kitu kwa mpigo mmoja kwa sababu muuzaji ana haraka. Dhamana inahamishwa baada ya mauzo kwa kuwa kampuni inataka kuona mkataba wa mauzo, kwa hiyo kuna siku kadhaa ambapo boti ni yako lakini dhamana bado iko kwa jina la muuzaji. Ikiwa keshapata pesa zote, nani atamkumbusha aje atie sahihi?

Chukua ile Sh480,000. Mnaweza kukubaliana hivi: Sh40,000 arbuni baada ya nambari ya injini kuthibitishwa na msambazaji, Sh340,000 siku ya kukabidhiana boti, fundi akiwa ameiwasha majini, na Sh100,000 zinazobaki siku msambazaji atakapothibitisha kwamba dhamana sasa iko kwa jina lako. Muuzaji akikataa kabisa sehemu ya tatu, basi mpunguzie bei, mnunue kama injini isiyo na dhamana, na kila mtu aende zake kwa amani. Hilo nalo ni jibu. Tumeona watu wakigombana juu ya dhamana ambayo ingeweza kuuzwa au kuachwa kwa mazungumzo ya dakika tano.

Kumbuka vikomo. Kwa sasa muamala mmoja hauzidi Sh250,000, na kwa siku ni Sh500,000. Zile Sh340,000 za siku ya kukabidhiana zitaenda kwa miamala miwili. Halafu kuna jambo ambalo husahaulika: akaunti ya simu ya anayepokea nayo haiwezi kubeba zaidi ya Sh500,000. Kama muuzaji tayari ana pesa nyingi kwenye simu, muamala wako utakataa na mtaanza kutazamana vibaya pale ufuoni bila sababu. Mwambie mapema apeleke zake benki.

Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Liwe jina lile lile lililo kwenye kitambulisho cha muuzaji na kwenye karatasi za injini. "Tuma kwa namba ya mke wangu, yangu ina shida" ni sentensi ya kawaida, na pengine ni ya kweli, lakini inakuachia ushahidi kwamba ulimlipa mtu ambaye hakukuuzia chochote. Ukinunua kwa duka au kampuni ya boti, lipa kwa nambari ya till au paybill yenye jina la biashara hiyo, usilipe kwa namba binafsi ya mfanyakazi.

Usifute SMS ya uthibitisho. Nakili msimbo wa kila muamala ndani ya mkataba wa mauzo, karibu na kiasi na tarehe. Na ukiwa wewe ndiye muuzaji, usiamini SMS uliyoonyeshwa kwenye simu ya mnunuzi, wala ile iliyoingia kutoka namba ya kawaida. Angalia salio lako mwenyewe ndipo ufungue kamba ya boti.

Jambo moja tuseme wazi. Huduma ya kurudisha pesa ipo kwa aliyekosea namba. Haipo kwa aliyetuma kwa mtu sahihi halafu akagundua injini ni mbovu. Kwa ugomvi wa aina hiyo sisi tunaweza kukupa taarifa yako ya miamala, ila hatuwezi kuchukua pesa kwenye akaunti ya mtu kwa sababu ya injini.

Karatasi zingine zisizoepukika

Mkataba wa mauzo uwe na majina na nambari za vitambulisho vya pande zote mbili, nambari ya injini, nambari ya mwili kama ipo, bei, ratiba ya malipo, na sentensi inayosema muuzaji anathibitisha injini haidaiwi, ilitumika kwa shughuli gani, na kwamba atatia sahihi fomu ya kuhamisha dhamana ndani ya siku mlizokubaliana. Ukurasa mmoja unatosha. Shahidi mmoja kila upande.

Hiyo ya kudaiwa usiichukulie kwa mzaha. Tangu Sheria ya Haki za Dhamana ya Mali Inayohamishika ya mwaka 2017, mtu anaweza kukopa akiweka injini au boti kama rehani, na mkopeshaji akaiandikisha kwenye rejista ya kielektroniki ya serikali. Ukiwa na nambari ya kitambulisho cha muuzaji unaweza kufanya utafutaji kwenye rejista hiyo kupitia eCitizen. Injini nyingi hununuliwa kwa mkopo wa Sacco au wa kikundi, na deni likiwa halijaisha, mkopeshaji ana haki ya kuja kuichukua kwako.

Kuna pia injini za msaada, zile zilizotolewa kwa kikundi cha usimamizi wa ufuo, BMU, na serikali au wafadhili. Hizo ni mali ya kikundi. Mwanachama mmoja hawezi kukuuzia, hata awe mwenyekiti. Pitia ofisi ya BMU ya ufuo boti ilikokuwa ikitia nanga. Wao huwa na daftari la boti na wanajua ya nani ni ipi kuliko mtu yeyote.

Boti yenyewe, kama ni ya kubeba abiria au mizigo, inahitaji ukaguzi na leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya, KMA, na boti za uvuvi zina usajili wake wa idara ya uvuvi. Usajili huo hauhusiani na dhamana ya injini. Watu huchanganya. Unaweza kubadilisha jina KMA na bado dhamana ikabaki kwa mwenye boti wa zamani, au kinyume chake.

Dhamana ikikataa

Tuseme umefanya yote na bado msambazaji akakataa dai lako. Omba sababu kwa maandishi, pamoja na ripoti ya fundi. Kama sababu ni "savisi haikufanywa" na wewe una mihuri, peleka. Kama ni kasoro ambayo kitabu kinasema inalipwa, taja ukurasa.

Kama tatizo ni kwamba muuzaji alikudanganya, kuna njia. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa nayo, na muuzaji awe na haki ya kuiuza. Tangazo lililosema "waranti bado iko" ni maelezo, kwa hivyo lipige picha ya skrini siku ile ile ulipoliona, kabla halijafutwa. Ukiwa umenunua kwa mfanyabiashara wa boti, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakuongezea nguvu kwa sababu yeye anawajibika kuhusu ubora wa anachouza. Kwa mtu binafsi aliyeuza boti yake mwenyewe, kinga yako kuhusu ubora ni ndogo, na ndiyo maana ule mkataba wa ukurasa mmoja una thamani.

Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, ikiwemo ya mikataba ya kuuziana bidhaa. Si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa. Utakachobeba ni mkataba, picha ya tangazo, majibizano yenu ya ujumbe, barua ya msambazaji, na taarifa ya miamala inayoonyesha pesa zilivyotoka. Taarifa hiyo unaiomba kwenye menyu ya simu yako, unachagua kipindi, na inatumwa kwa barua pepe ikiwa imefungwa kwa neno la siri. Iombe mapema, ikiwa bado unakumbuka ni mwezi gani ulilipa.

Na kama dhamana ilihamia salama, tia tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya simu yako, na alamu nyingine mwezi mmoja kabla. Mwezi huo peleka injini ikaguliwe na fundi wa kampuni. Kasoro ikionekana siku 30 kabla ya dhamana kuisha inatengenezwa kwa gharama yao. Ikionekana siku moja baada ya kuisha, ni yako.